Wadau naombeni ushauri: niuze Prado nichukue V8 ya kuvuta boti na kubeba familia, au nitulie? (Malindi)

Mshella_Mld
Asalaam aleykum wadau. Nko Malindi, nna Prado 120 dizeli, ile ya injini 3.0 D4D, giaboksi ya oto, ya 2008, na kwa shughuli za kila siku sina neno nayo, shule, soko, Mombasa na kurudi. Sasa familia imekua, watoto wanne na mama mkwe siku hizi anaishi na sisi, halafu mimi na shemeji tumechukua boti kwa ushirika, faiba ya futi 23, mashine mbili za Yamaha na trela lake. Mpango ni kusi ikianza boti linatoka majini linakuja nyumbani kufanyiwa matengenezo, na likizo ya Desemba tunalivuta hadi Mokowe tunalishusha pale, manake bibi (mke wangu) kwao Amu, yaani Lamu, na mnajua gari inaishia Mokowe, ng'ambo ni punda na boti zaidi, kuliko kulipia boti za watu kila siku si bora twende na letu.

Tumejaribu kulivuta kutoka ufuoni hadi nyumbani Muyeye. Prado inavuta, siwezi kusema haivuti, lakini nyuma imekaa chini kama punda alobebeshwa mawe ya kujengea na usiku taa za mbele zinamulika minazi. Shemeji anasema uza hii tuchukue V8, gari ya injini ya silinda nane. Nyali kuna Land Cruiser 200 (LC 200) petroli tumeiona, kuna mtu pia anauza Nissan Patrol Y62, na mzee mmoja mtaani ananambia hizo zote achana nazo tafuta LC 100 ya dizeli. Nataka nguvu ya kuvuta lakini na starehe pia, mama mkwe ana magoti na kitinda mimba kila tukikaribia Kilifi anatapika. Bajeti ipo kiasi, ila LC 300 msinitajie kabisa. Mnasemaje?

kaskazi254
V8 bro, hakuna mjadala hapo. Hiyo Prado mwachie shemeji yako 😂

FundiGede
Waaleykum salaam. Kabla hatujauza gari ya mtu, jibu haya matatu. Boti na trela pamoja ni kilo ngapi? Trela lina ekseli ngapi? Na trela lina breki?

Mshella_Mld
@FundiGede aliyetuuzia alisema "tani moja na nusu hivi", hatujapima. Ekseli mbili. Breki halina, lina taa tu na taa yenyewe moja haiwaki.

FundiGede
Hapo ndipo penye kazi sasa. Tani na nusu labda ni ganda la boti na trela likiwa tupu, hebu piga hesabu na mimi, faiba ya futi 23 mara nyingi ni tani moja na zaidi, mashine mbili za boti kama hilo ni kilo 200 na zaidi, petroli lita 200 ni kama kilo 150, trela la ekseli mbili la chuma weka kilo 400 au 500, bado nanga, kamba, kasha la barafu na vikorokoro ambavyo watu huvitupia ndani kwa sababu "boti lina nafasi", mimi nakuona uko kwenye kilo 2,200 hadi 2,400. Usinisadiki mimi, likokote polepole asubuhi njia ikiwa tupu hadi Gongoni kwa wale wa chumvi, malori yao lazima yapimwe kwa hivyo mizani haikosi, ongea nao vizuri upime.

Sasa sikiza. Prado 120 kule Australia, ambako watu huvuta sana na hivi vipimo huandikwa waziwazi, inaruhusiwa kilo 2,500, lakini hiyo ni trela lenye breki zake. Trela lisilo na breki ni kilo 750 basi. Na LC 200 ya V8 unayosifiwa inaruhusiwa 3,500 kwa breki, bila breki ni 750 ile ile! Patrol nayo hivyo hivyo, 3,500 na 750. Kwa hivyo hata ukiuza Prado, ukiuza na shamba, ukachukua V8, lile trela bado linakusukuma kwa nyuma pale Kwa Chocha matatu ikikata mbele yako ghafla. Tatizo lako la kwanza liko nyuma ya ndoano ya kuvutia trela, haliko mbele yake.

Na njia yako yenyewe ni ipi? Malindi, Garsen, Witu, Mokowe, lami tupu na tambarare, hakuna mlima pale wa kuitia V8. Ile D4D itakufikisha, utaenda 70 badala ya 110, na ukivuta boti 70 ndio mwendo. Usiiache giaboksi iwe inaruka ruka kwenye gia ya juu kabisa, ifunge gia moja chini, na ufungwe kipoozeo cha ziada cha mafuta ya giaboksi, kinachoua oto ni joto.

kaskazi254
Australia Australia, sisi tuko Malindi. Kila siku naona Hilux kuukuu zinavuta maboti pale ufuoni na hakuna aliyekufa.

FundiGede
@kaskazi254 ufuoni ni mita 200 kwenye mchanga kwa mwendo wa kobe, huyu anaenda zaidi ya kilomita 200 na watoto ndani. Kule mbele ya Garsen ng'ombe wanavuka barabara muda wanaotaka wao.

MamaNabil
Naona wanaume mmeshazama kwenye kilo, mama mkwe mmemsahau. Mimi nitazungumzia ndani ya gari kwa sababu ndimi nikaaye na watoto nyuma.

Prado safu ya tatu ni ya watoto wadogo, mtu mzima akikaa pale hadi Garsen anashuka amekunjika. LC 200 kuna nafasi zaidi, lakini vile viti vya nyuma kabisa vinakunjwa kupandia ubavuni, vinakula nafasi ya mizigo hata msipovitumia, ukivitumia nayo mizigo hamna pa kuweka. Patrol Y62 ndio kubwa haswa, safu ya tatu inalala chini sakafuni na mtu mzima anakaa kama mtu, na haiyumbi yumbi kwenye kona, ina mfumo wake wa haidroliki wa kuzuia bodi isilale. Kwa anayetapika hiyo ni raha. Shida yake ni pana, ukiingia nayo Mji wa Kale huko kwenu utajuta.

Halafu magoti. LC 100 zile zenye AHC, ule mfumo wa kupandisha na kushusha gari, unabonyeza swichi gari inajishusha chini, mama anapanda, inajiinua. Wallahi huyo mama atakuombea dua. Ila ni mfumo wa zamani, ile mitungi ya gesi ikichoka gari inakuwa ngumu kama mkokoteni na kubadilisha si pesa ya mchezo. Kama hamna AHC wekeni ngazi za ubavuni zile pana, buibui na ngazi nyembamba haviendani.

Na huyo mtoto mtoeni safu ya tatu mkae naye katikati, mumpunguzie simu njiani. Gari mpya haitatibu hiyo.

Mshella_Mld
@MamaNabil dadangu hapo kwa simu umenishika 😅 anaangalia katuni toka Msabaha.

Dizeli_Ndio_Mpango
Ongezea hapa kwa Patrol, mtu asijeuziwa mbuzi kwenye gunia. Y62 haina dizeli kabisa duniani, ni petroli tu, nyingi 5.6 V8, ukiivutisha boti hesabu kilomita 4 kwa lita na ushukuru. Tangi lake lita 140, utalijaza Malindi ulie. Tena haikuuzwa Japani, kwa hivyo za usukani wa kulia asili yake mara nyingi ni Australia au Afrika Kusini, chache kuzipata na spea unaagiza. Za Dubai zimejaa na bei zinavutia lakini usukani kushoto, hapa haziingii.

Na LC 200 vile vile, zilizotoka Japani zote ni petroli, 4.7 za mwanzo halafu 4.6. Dizeli ya 4.5 yenye turbo mbili Japani haikuuzwa. Kwa hivyo hiyo ya Nyali ukiambiwa "V8 inakunywa kidogo" cheka uondoke. Ikiwa lazima 200, tafuta dizeli, subiri hata mwaka.

Kama ni mimi ningeangalia Prado 150 ya 2.8 dizeli, Japani zilianza 2015, bado zile mpya mpya zinaingia kwa ule mpaka wa miaka 8 wa gari za kuagiza. Hakikisha tu anayekuuzia hajawa anazungushia mjini peke yake, ile chujio ya moshi inataka gari ipigwe safari ndefu la sivyo inaziba.

FundiGede
Nakubali kuhusu 200 dizeli, ila kuna hesabu moja watu huiruka. Ile 200 yenyewe ina uzito kama kilo 2,700, na jumla inayoruhusiwa ikiwa imebeba ni 3,350. Umebakiwa na 650. Uzito wa trela unaokaa juu ya ndoano, ambao ni kama asilimia 10, nao unahesabiwa ndani ya gari, kwa boti lako ni 240. Watu wazima watatu na watoto wanne ni 350 na ushei, mabegi na maji 60. Mshaimaliza V8 na bado bibi hajapakia tende na biriani za kupeleka Amu. Ile 3,500 anayoisoma shemeji haiendi na familia nzima na mizigo ndani.

Kwa hivyo siku ya kuvuta boti familia igawanyike, wengine wapande basi la Lamu, mtafutane Mokowe.

Na ule uzito wa kichwa cha trela uliokulaza nyuma, pima kwa mizani ya magunia ile ya kuning'iniza. Ikizidi 250 lirudishe boti nyuma kidogo kwenye trela. Kidogo tu! Mashine ziko nyuma tayari, ukirudisha sana mkia unakuwa mzito, trela linaanza kucheza kushoto kulia ukifika 80, na hapo hata uwe na lori. Likianza kucheza usikanyage breki, achia mafuta pole pole lijitulize.

Nahodha_Mida
Mie na magari siko sana, niko na maboti. Ukifika kwenye maji usiliingize trela palepale. Habu za magurudumu ya trela zina moto, zikigusa maji baridi zinavuta maji ya chumvi ndani, mwezi haupiti beringi zishakatika. Kaa unywe kahawa kwanza. Ukilitoa, maji tamu kwenye habu, breki, springi, na chini ya gari pia. Ukiweka breki kwenye trela weka za kujisukuma zenyewe, gari ikipunguza mwendo trela linaisukuma na breki zinakamata, na uliza fundi kama zina mahali pa kufungia bomba la kuoshea.

Na kwa ufuoni Malindi mlipe mwenye trekta. Kuingiza gari ya mamilioni kwenye maji ya chumvi kuokoa pesa ya trekta, hapana shekhe.

Mshella_Mld
Ahsanteni nyote, nimeelimika kwelikweli. Nimeongea na shemeji, amenuna, lakini amekubali tupime kwanza Gongoni na tufunge breki. Prado nitaiwekea ile mifuko ya hewa ndani ya springi za nyuma na kipoozeo cha giaboksi. Desemba hii bibi na mama mkwe na wawili wadogo watapanda basi, mimi na wakubwa tunavuta. Halafu mwakani nitatafuta 200 dizeli au 150 ya 2.8 bila pupa, kwa ajili ya nafasi, sio kwa ajili ya boti. Swali la mwisho, nikiipata ambayo tayari imefungwa ndoano ni faida au ni hasara?

kaskazi254
Faida, umeokoa pesa.

FundiGede
Inategemea ilikuwa inavuta nini. Ukienda kuikagua lala chini yake na tochi, angalia bolti za ndoano, mwisho wa chasisi na bomba za breki za nyuma. Ukiona kutu imeanzia nyuma inakuja mbele, hiyo ilikuwa inashushwa majini. Halafu vuta kijiti cha mafuta ya giaboksi, kama gari inacho, unuse. Yakinuka kuungua rudi nyumbani. Na ukipima boti tuletee kilo zake hapa, nataka kujua nilikosea kwa ngapi.

Mshella_Mld
Jumatano inshallah.