Naomba ushauri: niangalie na kijana wangu filamu ya kukamatwa kwa Eichmann?

Wakuu, habari zenu. Juzi usiku nimeangalia Operation Finale, filamu ya 2018 kuhusu majasusi wa Israel waliomkamata Adolf Eichmann, afisa wa Wanazi wa Ujerumani aliyesimamia usafirishaji wa Wayahudi kwenda kambi za mauaji. Alijificha Argentina kwa jina la Ricardo Klement, wakamnasa Mei 11, 1960 akirudi kutoka kazini, hatua chache tu kutoka nyumbani kwake. Akashtakiwa Jerusalem, akanyongwa 1962.

Kuna pale Peter Malkin, mmoja wa majasusi hao, anapomnyoa mateka wake ndevu. Wembe uko shingoni kabisa, na dada yake Malkin aliuawa na Wanazi pamoja na watoto wake. Usingizi ulinipaa.

Nataka kuiangalia tena na kijana wangu wa kidato cha tatu, anapenda sana historia. Hofu yangu, asichukue kila kitu kama kilivyo. Mfano, daktari aliyemdunga Eichmann dawa ya usingizi kwenye filamu ni mwanamke. Daktari halisi alikuwa mwanaume.

Nimsimulie kesi kwanza, au aone filamu ndipo tuzungumze? Na akiniuliza kwa nini hawakumuua palepale, nimjibuje? Waliowahi kuangalia na watoto wao, naombeni mnisaidie.