Mjadala: Kitabu kama Rosa Mistika kina nafasi darasani?

Mleta mada

Wadau, nina kesi mbili. Ya kwanza ni ya zamani. Riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971, ikazuiwa mashuleni kwa yale inayoyasema kuhusu ngono, utoaji mimba na wakubwa wanaowatumia wasichana wa shule. Baadaye ikakubaliwa, ikawa kitabu cha kawaida cha sekondari Tanzania na Kenya. Ya pili ni ya Februari 2023, pale Wizara ya Elimu Tanzania ilipoviondoa shuleni vitabu 16, ukiwemo mfululizo wa Diary of a Wimpy Kid, kwa hoja ya kulinda maadili, mila na desturi.

Kitabu kizito kifundishwe, kifungiwe au kiwekewe masharti? Naomba tuongee kwa vitendo: kidato gani, utaratibu gani, nani anaamua. "Ni uchafu" na "ni uhuru" tumeshazisikia vya kutosha.

Mwalimu wa fasihi, sekondari

Kifundishwe, kuanzia kidato cha tatu, ila si kwa namna tulivyozoea.

Balaa huanza na uhaba wa nakala. Darasa la wanafunzi 60 likiwa na nakala sita, hakuna anayesoma riwaya. Wanasoma notisi za kununua zenye dhamira, migogoro na ujumbe, na pembeni zinazunguka kurasa nne tano zilizotolewa kopi. Ndizo hizo mzazi atakazozikuta kwenye begi. Mwanafunzi wa namna hiyo amesoma ngono bila kumsoma Zakaria, na bila Zakaria riwaya ile haipo. Ni baba yake Rosa, mlevi anayempiga bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana, anayeziba kila mwanya wa binti kuongea na wanaume, kisha anamwachia aende bweni akiwa hajui lolote kuhusu dunia. Anguko la Rosa limeandaliwa Namagondo, nyumbani, kabla hajafika shule ya wasichana wala chuo cha ualimu Morogoro.

Kwa hiyo: nakala moja kwa wanafunzi watatu ndiyo kiwango cha chini. Pungufu ya hapo, chagua kitabu kingine. Tenga vipindi 12 hivi vya dakika 40. Kabla ya kipindi cha kwanza kila mwanafunzi achore jedwali la safu tatu: jambo lililomfika Rosa, mtu mzima aliyekuwa na mamlaka juu yake wakati huo, na alichofanya mtu huyo. Jedwali lijazwe hadi mwisho wa kitabu. Notisi nyingi humtaja Rosa kuwa msichana aliyekosa maadili, zikaishia hapo. Mkuu wa chuo anayemtaka mwanafunzi wake hupewa mstari mmoja. Ukilisoma jedwali lote kwa pamoja, darasa lenyewe litauliza mbona safu ya tatu ina mambo ya aibu kuliko ya kwanza.

Kurasa za faragha hazisomwi kwa sauti, na usimsimamishe msichana azieleze. Ataitwa Rosa mpaka amalize shule. Maswali yaingie kwenye sanduku bila majina, na wote waandike, hata asiye na swali anakili sentensi moja ya kitabu. Wakiandika wachache tu, wenzao watajua swali ni la nani.

Mzazi, mjumbe wa bodi ya shule

Mwalimu, shikamoo, nakuheshimu, lakini darasa unalolieleza si lile walimokaa watoto wetu. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa: anayempa mimba mwanafunzi kifungo chake ni miaka 30. Sheria kali hivyo haitungwi kwa hatari ya kufikirika. Ndani ya riwaya yenyewe wanaowaharibu wasichana ni pamoja na wenye vyeo vya elimu. Sasa unamkabidhi nani akifundishe? Mwalimu mwenye nia mbaya amepewa kisingizio halali cha kumwita binti ofisini "wajadili Rosa".

Siombi kichomwe moto. Naomba mambo matatu. Barua kwa wazazi wiki mbili kabla, ikitaja mada bila kuficha. Marufuku ya mazungumzo ya mwalimu na mwanafunzi mmoja faraghani kuhusu kitabu hicho, maswali yote yapitie sanduku. Na mzazi asiyeridhika apewe kitabu mbadala kwa mwanawe, bila mtoto kupoteza alama wala kusimangwa.

Mwalimu wa fasihi

La pili nalikubali lote, na lilipaswa kuwa kwenye orodha yangu. La kwanza pia. La tatu linawezekana kwenye mtihani, kwa sababu swali la riwaya humwachia mtahiniwa achague kati ya kazi kadhaa alizosoma. Linapokwama ni muda: mwalimu mmoja hawezi kufundisha riwaya mbili kipindi kimoja. Mbadala uwe kazi ambayo darasa limeshaimaliza, huyo mmoja aende maktaba kuiandikia insha, arudi kitabu kikiisha.

Mkutubi

Mnachanganya ngazi. Kitabu cha kiada kila mwanafunzi analazimika kukitumia. Cha ziada shule inakichagua. Cha rejea kinakaa maktaba anayekitaka akifuate. Kukitoa kwenye kiada ni jambo dogo kuliko kukitoa maktaba, na kuzuia kisiuzwe nchini ni jambo jingine kabisa. Hoja inayotosha kwa ngazi ya kwanza haitoshi kwa ya tatu.

Kuhusu Wimpy Kid, hivyo ni vitabu vya katuni na maandishi kwa watoto wa umri wa kama miaka 8 hadi 12. Hapo mzazi ana haki zaidi ya kuuliza, maana mtoto anasoma peke yake, hakuna kipindi wala jedwali. Lakini kuuliza kuna utaratibu. Mlalamikaji ajaze fomu: umekisoma chote? Ukurasa gani? Mtoto ana umri gani? Unataka nini, kitolewe, kihamishiwe darasa la juu, au mwanao tu asikiazime? Fomu iende kwa kamati ya watu watano (mkutubi, walimu wawili, wazazi wawili), wote wakisome mwanzo hadi mwisho, uamuzi wa maandishi utoke ndani ya siku 30. Wakati huo wote kitabu kibaki rafuni. Chama cha Maktaba cha Marekani kinashauri hivyo hivyo, na sababu yake ni nzito: kitabu kikitolewa kwanza, kamati hukosa haraka ya kukutana, na "kwa muda" hugeuka kuwa moja kwa moja.

Mwaka 1982 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya bodi ya shule ya Island Trees, ilisema bodi haiwezi kuondoa kitabu maktaba kwa sababu tu imechukizwa na mawazo yaliyomo. Majaji waligawanyika vibaya na mvutano haujaisha huko hadi leo, lakini kule kutenganisha "hakifai umri huu" na "sipendi kinachosema" kunatufaa.

Mchangiaji, Mombasa

Kunatufaa sana, maana huku kwetu vitabu vimezimwa bila mtoto yeyote kutajwa. Riwaya ya Matigari ya Ngũgĩ wa Thiong'o ilitoka kwa Kigikuyu mwaka 1986. Mapema 1987 polisi waliizoa madukani. Mshairi Abdilatif Abdalla alifungwa miaka mitatu, 1969 hadi 1972, kwa kijitabu cha kuikosoa serikali, Kenya: Twendapi? Mashairi aliyoyatunga gerezani yakatoka 1973, Sauti ya Dhiki, yakapata Tuzo ya Jomo Kenyatta. Kipimo changu ni hiki: lalamiko lako lingesimama kama msomaji angekuwa na miaka 40? Likisimama, usiseme unamlinda mtoto.

Mwalimu wa ushauri nasaha

Hakuna aliyegusa kifo. Rosa anajiua, na hilo linanitia wasiwasi kuliko ngono. Sehemu hiyo isifundishwe Ijumaa kipindi cha mwisho wala wiki ya kufunga shule, wanafunzi wakatawanyika nayo. Msijadili alivyojiua, jadilini nani angeweza kumzuia na lini. Isiulizwe "alifanya vizuri au vibaya?" kwa sababu yupo anayejiuliza hivyo kuhusu nafsi yake. Kipindi hicho kiunganishwe na sehemu ya mwisho, ambako Rosa na baba yake wanashtakiana mbele ya Mungu, ili kifo kisionekane kuwa jibu lililomaliza kesi. Nami niwe ndani ya darasa siku hiyo, na wanafunzi waambiwe kabla nitapatikana wapi na saa ngapi.

Mzazi, mjumbe wa bodi ya shule

Hili la ushauri nasaha liingie kwenye barua ya wazazi. Kwa masharti haya, kidato cha tatu naweza kuunga mkono. Cha pili hapana. Ila mkutubi, kamati yako ina walimu wawili na wewe mwenyewe, wazazi wawili. Kura za shule zimeshazidi kabla fomu haijafunguliwa. Ongeza wazazi wafike watatu, na mmoja awe mwanamke, ndipo tuzungumze hizo siku 30.