Konkombre ya mu bokali: ni mboga ao ni chumvi tu?

mama_katindo
Jambo wandugu. Mzee wangu amezoea ile konkombre ya vinegre yenye wanakataka vipande mu bokali, anainunuaka ku alimantasyo ya hapa Katindo, anaikula na bugali na sambaza, ikifika jioni bokali iko nusu. Nikisema kitu ananijibu "si dokta aliniambia nikule mboga? hii na lengalenga ni kimoja". Na iko na tansyo (presha ya damu)! Kweli kuko vitamini mule?

anfirmye_himbi
Mama, geuza bokali usome nyuma, kama ni ya kutoka Ufaransa kuko mustari wa "sel", ni kusema chumvi. Yenye iko hapa kwangu imeandikwa 2 g kwa 100 g. OMS, shirika la afya la dunia, inasema mtu mzima asifikishe 5 g ya chumvi siku nzima, sasa akikula gramu 150 ameisha kuingiza 3, na hapo sambaza na kibe ya supu hatujahesabu. Kalori ni kidogo sana, kama 15 hivi kwa 100 g, juu karibu yote ni maji, vitamini K inabakiaka kiasi. Lakini asilinganishe na lengalenga, ile iko na chuma, kalisi, vitamini A, weee!

kadogo_bkv
Na ile maji yake? Huku Bukavu wanasemaka iko na bakteria nzuri ya tumbo, miye nakunywaka 😅

anfirmye_himbi
Kadogo acha. Bakteria inakuwaka mu ile ya kuvundika siku nyingi na maji ya chumvi bila vinegre. Ya vinegre yenye wamepitisha ku moto, zimekufa zote, unakunywa chumvi tu.

tantine_lushi
Mujichunge na zile za sukari pia, kalori inapanda mpaka karibu 90. Miye huku Lubumbashi nakata konkombre mbichi, vinegre na maji nusu kwa nusu, kitunguu saumu, pilipili, chumvi kidogo sana, naweka mu frigo, kesho yake tunakula. Kura (umeme) ikikatika tunaimaliza siku ile ile.

mama_katindo
Aksanti sana. Nimemsomea yote, akatafuta miwani, akasoma ile mustari, akanyamaza. Kisha anauliza, tukiosha chumvi haitoke?

anfirmye_himbi
Inatoka kiasi. Loweka nusu saa, mwaga ile maji. Na ikuwe vipande vitatu pembeni ya sahani.

mama_katindo
Anasema sita. Tungali tunabishana bei.