D ya kemia muhula wa kwanza: ufamasia umeenda?

Dada wa Kondele
Wadau, hamjambo. Mimi nina duka la dawa hapa Kondele, Kisumu. Nilisomea diploma nikaishia hapo. Mdogo wangu alishinda grinikadi, yuko Marekani mwaka wa pili sasa, na anataka PharmD, ile shahada ya udaktari wa famasia. Muhula wa kwanza alikuwa akikesha kazini akitunza wazee, kisha asubuhi darasani. Kemia akapata D. Mzee hajui, na asijue kabisa, maana ng'ombe wawili waliishia kwenye ile tikiti ya ndege.

Juzi kanipigia saa tisa usiku, ati amehamia chuo kingine na ile D ameiacha kule. Usingizi ukaniruka. Kwani gredi huachwa nyuma kama deni la kibandani? Na akirudia akapata A, wataona A peke yake?

Mwalimu Kakamega
Dada, mwambie achukue uhasibu mapema. Hapa kwetu ukianguka kemia kwenye KCSE, mtihani wa kidato cha nne, shahada ya ufamasia sahau. Sioni kule wakiwa walegevu kutushinda.

Section 58, Nakuru
Mwalimu, pole pole na mtoto wa watu. Nilipita njia hiyo kabla sijarudi Nakuru.

Maombi mengi ya PharmD hupitia mfumo mmoja, PharmCAS. Unataja kila chuo ulichosoma, hata kama ni muhula mmoja, na transkripti zake, yaani rekodi za gredi, zinatumwa. Kwa hiyo D inamfuata. Akiificha ndipo atakapojimaliza.

Kuhusu kurudia: chuo chake kinaweza kuiondoa D kwenye hesabu zake, lakini PharmCAS huhesabu zote mbili. Chukua kemia ya krediti 4, yaani uzito wa somo. D ni pointi 1, mara 4 ni 4. A ni pointi 4, mara 4 ni 16. Jumla 20, gawa kwa krediti 8: wastani ni 2.5. Yeye hapo anajiona ana 4.0! Mimi nilijaza fomu nikijua nina 3.4, mfumo ukanirudishia 3.1, kisa C moja ya biolojia na nyingine ya hesabu nilizokuwa nimeshazirudia na kuzisahau.

Lakini arudie tu. Shule nyingi hazipokei D kwenye somo la lazima, zinataka C kwenda juu. Halafu PCAT, mtihani wa kuingilia shule za famasia, ulikomeshwa Januari 2024, hana tena pa kujikomboa kwa siku moja. Gredi ndizo zinazosema. Afadhali aliyeanza vibaya akapanda kuliko aliyeanza na A akaporomoka alipofika kemia ogani. Kwenye usaili waliniuliza kuhusu zile C. Nikawaambia nilikuwa nafanya zamu za usiku, nikaziacha, na gredi za baadaye wanazo mezani. Wakaendelea na swali lingine.

Dada wa Kondele
Asante sana, ndugu. Nimemtumia ile hesabu ya 2.5. Alikaa kimya saa nzima, kisha akaandika, "Sawa dada." Sasa anauliza kama akibaki na zamu mbili kwa wiki ataweza kulipa chumba.

Section 58, Nakuru
Mimi sikuweza. Nililala sebuleni kwa binamu yangu mwaka mzima, na televisheni ya watoto wake ikianza saa kumi na mbili asubuhi.