Mtihani wa nishani ya shaba: rumba inanitoa jasho

Binti Tanga, Leicester
Habari za jioni wapendwa. Watoto walipoondoka nyumbani nilijiunga na darasa la dansi za ukumbini, na sasa mwalimu anataka nifanye mtihani wa nishani ya shaba: walzi, kwikstepu, chachacha na rumba. Walzi naipenda mno, hasa pale mwili unapoinuka taratibu na kushuka mwisho wa hesabu ya tatu. Tatizo ni rumba. Nimekulia Tanga, dansi iko damuni, na mguu wangu unataka kuondoka na pigo la kwanza. Mwalimu anasema uondoke na la pili! Tena sina mwenza, wanaume darasani ni wachache. Nifanye sasa au nisubiri?

Mzee wa Leeds
Fanya, mwanangu. Mwenza asikutie hofu: unaruhusiwa kucheza na mwalimu wako, na wengi wetu tulifanya hivyo. Anayepimwa ni wewe. Ila usimwachie akubebe. Mtahini anamjua mara moja mtu anayesukumwa.

Sasa rumba. Hiyo ya mtihani si ile tuliyoichezea nyumbani kwa magitaa ya Kongo. Mfaransa mmoja aliyefundisha London, wakimwita Monsieur Pierre, alikwenda Cuba mwaka 1947 akakuta wenyeji wanaanza hatua kwenye pigo la pili. Yeye na Doris Lavelle wakaanza kufundisha hivyo Uingereza, na ndiyo hesabu unayodaiwa leo: mbili, tatu, nne-moja. Pigo la kwanza hujanyang'anywa. Mguu umeshatua kwenye la nne. Kwenye la kwanza goti limenyooka, uzito unakaa, kiuno kinamalizia. Utamu wote wa rumba uko hapo, na kwa mtu wa Tanga kiuno si cha kufundishwa. Ukiwa jikoni, weka muziki, piga kofi kwenye moja huku miguu imetulia, kisha tembea mbili, tatu, nne. Muziki wenyewe ni wa polepole, nafasi unayo.

Na usikimbilie mitindo mingi. Shaba inataka ya msingi yaliyo safi. Haya si mashindano ya dansi ya Blackpool ambako watu wanashindana jozi kwa jozi. Hapa hakuna wa kumshinda, unapimwa kwa kiwango tu. Ndiyo maana nazipenda hizi nishani: mtu wa umri wangu anaweza kwenda shaba, fedha, dhahabu, na kila ngazi akacheza vizuri kuliko jana.

Nuru wa Coventry
Shikamoo mzee. Hapo kwenye "fanya" napingana nawe kidogo. Dada, kama tarehe iko karibu na pigo la pili bado halijaingia, muulize mwalimu kama unaweza kuweka jaivu badala ya rumba. Mimi niliruhusiwa, na rumba nikaifanya kwenye fedha nikiwa nimeiva.

Mzee wa Leeds
Marahaba. Aulize, si vibaya. Lakini ajaribu zoezi la kofi kwanza.

Binti Tanga, Leicester
Asanteni sana. Mzee, nimepiga kofi mpaka jirani kagonga ukuta, na limeanza kuingia! Rumba inabaki. Viatu je? Nina vya harusini tu.

Nuru wa Coventry
Hapana dada, vitakuteleza. Tafuta vya dansi vyenye soli ya sweda, ile ngozi laini yenye vinyweleo, kisigino inchi mbili, mkanda ushike kifundo. Usivivae barabarani, na soli ipige brashi ya waya kabla ya kuingia kwa mtahini.