Mzee auze shamba la parachichi ili mdogo wetu akasome uzamili Uingereza? Tujadili

Mleta mada
Wakuu, salamu. Naleta jambo linalotuumiza vichwa nyumbani, na najua si kwetu tu. Mdogo wangu wa kike amepata udahili wa uzamili wa afya ya jamii Uingereza, kozi ya mwaka mmoja. Ufadhili hakupata. Mzee ameitisha kikao akasema anauza ekari sita za parachichi kule Njombe, miti ambayo ndiyo kwanza imeanza kuzaa. Mama kanyamaza. Sisi watoto tumegawanyika.

Mimi napinga. Ada ni pauni 18,000. Viza inataka aonyeshe fedha za kujikimu, zaidi ya pauni 1,100 kwa kila mwezi hadi miezi 9 kwa anayesoma nje ya London, nazo ziwe zimekaa benki siku 28 mfululizo. Weka pauni 776 kwa mwaka za huduma ya afya, ambazo hulipwa wakati wa kuomba viza. Inafika pauni 29,000. Kwa shilingi zetu ni zaidi ya milioni 85, tiketi bado. Shamba ni la watoto watano, na likiuzwa halirudi. Bodi ya Mikopo kwa sehemu kubwa inahudumia shahada ya kwanza hapa nchini, kwa hiyo mzigo wa uzamili wa nje unabaki kwa wazazi. Je, ni haki familia kuuza ardhi kwa jambo hili, au asubiri ufadhili?

Mchangiaji, Uingereza
Mkuu, mimi nimesomeshwa na kiwanja cha Kibaha kilichouzwa. Hesabu yako iko sawa, lakini kusubiri nako kunakula umri. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, niliomba mara tatu. Wanataka uwe na uzoefu wa kazi wa karibu miaka miwili, maombi yanafunguliwa Agosti, na jibu la mwisho unalipata katikati ya mwaka unaofuata. Mara tatu ni miaka mitatu imekwenda. Mzee alipouza nilikuwa nimefika 31. Nilihitimu, nikapata kazi, kiwanja kingine nimemnunulia. Sijutii hata siku moja.

Ila mwambieni binti ukweli ambao mawakala hawausemi. Kazi ya mwanafunzi ni saa 20 kwa wiki muhula ukiendelea. Kwa kima cha chini cha 2025, pauni 12.21 kwa saa, ni kama pauni 244 kwa wiki, na chumba na chakula vinazimaliza. Anayeondoka na nusu ya ada akitegemea kibarua kimalizie nyingine, atakwama katikati. Niliona wenzangu wawili wakisimamishwa masomo kwa sababu hiyo, inauma sana kuangalia. Na kama ana mtoto, ajue kuwa tangu Januari 2024 mwanafunzi wa uzamili wa darasani haruhusiwi kwenda na familia yake. Mimi niliwahi kabla ya hapo.

Mchangiaji, Eldoret
Huku Uasin Gishu kuna wazazi waliouza mashamba watoto waende Finland na Kanada kupitia mpango wa kaunti. Mwaka 2023 waliingia barabarani kudai pesa zao, watoto wakiwa bado nyumbani. Kama ni lazima kuuza, pesa iende kwa akaunti ya chuo moja kwa moja. Isipitie kwa mtu.

Mchangiaji, Ujerumani
Kwa nini mjadala uishie Uingereza? Huku vyuo vingi vya umma havitozi ada, ukiacha jimbo la Baden-Württemberg ambalo tangu 2017 linatoza euro 1,500 kwa muhula kwa wanaotoka nje ya Ulaya. Kikwazo kikubwa ni akaunti maalumu, Sperrkonto: unaweka euro 11,904 za mwaka mzima kabla ya viza. Lakini tofautisha pesa hiyo na ada. Hii ni yako, unapewa euro 992 kila mwezi ule na ulipe pango. Ndugu wanne wakichanga na kukopa saccos wanaweza kuifikia bila kugusa mti hata mmoja.

Tahadhari moja, kwa kuwa anasoma afya ya jamii: kozi nyingi za fani hiyo zinazofundishwa kwa Kiingereza zina ada hata huku, asome masharti kwa makini. Lakini DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, wana ufadhili kwa kozi za maendeleo, afya ikiwemo, kwa mwenye uzoefu wa miaka miwili. Wana pia ufadhili wa kusoma uzamili na uzamivu hukohuko Afrika, na watu wanaupita kama hawauoni.

Mchangiaji, Dodoma
Kaka, nina swali moja. Angekuwa ni mtoto wa kiume, mngegawanyika? Na mama, kuna aliyemuuliza?

Mleta mada
Dada wa Dodoma, swali lako limenikosesha usingizi. Kaka yetu mkubwa aliuziwa ng'ombe wote akasome India, na kikao hakikuitishwa. Jana usiku nimempigia mama. Kasema shamba hilo kalipanda yeye, mche kwa mche, na hataki liuzwe, ila hataki pia binti yake aje kumwambia siku moja kuwa ndiye aliyemzuia.

Bado napinga kuuza. Ila sitasema tena asubiri kisha niishie hapo. Mavuno ya mwaka huu yote yawe yake, sisi wanne tuchange kila mwezi, yeye aombe DAAD na Chevening akiwa kazini, na chuo kimwahirishie udahili hadi mwakani. Mnunuzi anafika Njombe Alhamisi. Aliyewahi kuahirisha udahili Uingereza anieleze: uliwaandikia sababu gani, na amana uliyokuwa umelipa waliihamishia mwaka uliofuata?