Naomba ushauri: mtaala wa kompyuta kuu unaotegemea msaada wa kampuni

Ndugu wanachama, habari zenu. Mimi ni mhadhiri katika chuo kimoja hapa Mombasa, na nimepewa jukumu la kuandaa somo la muhula mmoja kuhusu kompyuta kuu, yaani meinfremu, ambazo benki na mashirika ya bima duniani bado huzitegemea kuendesha miamala mingi kwa wakati mmoja.

Mashine yenyewe hatuna wala hatutaweza kuinunua. Kwa hiyo nimewaanzisha wanafunzi 18 kwenye IBM Z Xplore, programu ya mafunzo ya kampuni ya IBM, inayotolewa bure na inayowaingiza katika z/OS halisi (mfumo endeshi wa meinfremu za IBM) kupitia intaneti; nimejaribu pia Hercules, programu inayoigiza mashine hizo, lakini MVS 3.8, mfumo endeshi niliouweka humo, ni ya zamani mno kwa kazi za leo. Juzi mwanafunzi alihangaika alasiri nzima na kazi ya JCL (lugha ya kuiambia meinfremu kazi ya kuendesha) iliyokataliwa, kumbe aliacha nafasi moja tu baada ya koma, na mfumo ukayachukulia yaliyofuata kuwa maelezo. Funzo la namna hiyo halipatikani ubaoni, ndiyo maana natamani sana somo hili lisimame imara.

Kampuni moja iko tayari kutuletea wataalamu, ila inataka bidhaa zake zichukue nusu ya vipindi. Nilipendekeza robo, haijajibu.

Je, makubaliano yaandikwe vipi ili kampuni itushauri bila kuushika mtaala? Na je, COBOL, lugha ya kuandikia programu za biashara, itangulie, au tuanze na JCL? Rasimu inatakiwa idarani mwisho wa mwezi.